Kitochi, Lipa Namba na Gonjwa Lijalo: Vidokezo kwa Mwenye Biashara Ndogo, Maganzo hadi Katoro

Tarehe 16 Machi 2020 Ummy Mwalimu, wakati huo Waziri wa Afya, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Masoko hayakufungwa, na Rais Magufuli, mwana wa Chato, akahimiza watu waendelee kuchapa kazi. Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji wa Kahama alifungiwa ndani muda gani, atakucheka. Muulize aliuza kiasi gani.

Hapo ndipo majibu yanapoachana. Aprili 2020 mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulisimamisha uzalishaji baada ya soko la almasi duniani kudorora, na haukurudi kazini hadi mwaka uliofuata. Kama ulikuwa na genge Maganzo, hiyo ndiyo iliyokuwa korona yako. Barabara ya Isaka kwenda Rusumo nayo ilipata yake: Rwanda ilipotaka malori yabadilishe madereva mpakani, foleni zikawa ndefu, na kila anayeishi kwa kumpikia dereva wa lori alijua bila kutangaziwa. Upande wa dhahabu ilikuwa kinyume. Agosti 2020 bei ya dunia ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na Geita ilikuwa tayari na soko lake la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019. Gonjwa ni lile lile, mikoa inapakana, mifuko haifanani hata kidogo.

Simu ilikuwa mkononi mwa karibu kila mmoja wa wauzaji hao. Mmarekani Fred Davis aliandika mwaka 1989 kwamba mtu hukubali teknolojia akiona mambo mawili: inamfaa, na haimsumbui kuitumia. Katika utafiti wake, kufaa ndiko kulikokuwa na nguvu zaidi. Sawa, lakini Davis alikuwa akimtazama mfanyakazi mmoja na kompyuta yake. Dukani kuna watu wawili. Faida ya kulipwa kwa simu unaipata wewe mwenye duka, na taabu ya kubonyeza anaipata mteja. Ukilisahau hilo utanunua kila kifaa kipya kinachotangazwa na bado watu watakupita waende kwa jirani.

Na usidhani magonjwa kama korona ni ya historia. Tarehe 20 Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, na ukitoka Chato Biharamulo ni wilaya inayofuata. Ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo huo. Safari hiyo tulipona. Haya, tuandae maduka.

1. Mfikirie mchimbaji wa saa moja jioni

Ametoka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Ana kitochi, kile ambacho herufi za vitufe zimefutika zamani, na kioo chake anakimulika kwa tochi ya kichwani maana mwanga wake umekufa. Anataka unga kilo mbili, dagaa za jero, mche wa sabuni. Hela anayo, bosi wa duara amemrushia mchana, iko kwenye simu.

Anabonyeza *150*00#. Menyu inakuja taratibu, mnara uko mbali. Anachagua kulipa, anaulizwa namba, anainua macho kutafuta Lipa Namba yako ukutani, anaandika, anakosea tarakimu moja, anafuta. Kufika kwenye kiasi, menyu inakata. Anaanza upya. Nyuma yake watu wanne wanakohoa, na wakati wa gonjwa kukohoa si jambo dogo. Ikikata mara ya pili anasema, "Ngoja nikatoe kwa wakala." Ameondoka. Kwa wakala atakatwa ada ya kutoa, na pembeni ya wakala kuna duka lenye unga ule ule. Mteja huyo hukupokonywa na korona.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, simama upande ule wa kaunta, jioni, na kitochi cha kuazima. Lipa duka lako mwenyewe shilingi mia tano. Penye kukusumbua wewe mwenye mikono mikavu, yeye patamshinda. Ile michoro ya miraba ya kupiga picha kwa simu janja ni mizuri kwa Kahama mjini au Geita mjini. Ukiipeleka Rwamgasa au Nyarugusu inakuwa pambo la ukuta, kwa sababu inadai kamera, bando na mtandao wa kasi, na jamaa yetu hana hata kimoja.

2. Namba isomeke, na jina lijulikane

Stika uliyopewa na kampuni itapauka kwa vumbi na jua kabla msimu haujaisha. 6 itafanana na 8, na 1 itapotea kwenye mkunjo. Chukua ubao wa boksi na kalamu nene nyeusi, andika namba kwa mafungu ya tarakimu mbili mbili au tatu tatu, funika kwa nailoni. Kisha uiweke usawa wa macho ya mteja, mbele ya kaunta. Wengi huibandika nyuma yao, juu, kando ya kalenda, mahali ambapo mwenye duka peke yake ndiye hana haja ya kuiona.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Kabla mteja hajaweka namba ya siri, simu humwonyesha jina la anayelipwa. Laini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA kuanzia Mei 2019, kwa hiyo jina litakalotokea huenda ni lako la kwenye vyeti, la kwanza, la baba na la babu. Mtaani wewe ni Mama Shija. Mteja anaona jina asilolijua, anakumbuka meseji za matapeli, anaghairi. Andika chini ya namba: "Jina litakalotokea ni ..." Kazi ya nusu dakika, na inaokoa mauzo kuliko programu yoyote ninayoijua.

3. Usishike simu ya mteja

Bibi anakunyooshea simu: "Nisaidie kubonyeza, mjukuu wangu," kisha anaitaja namba ya siri kwa sauti ambayo hata bodaboda wa nje ameisikia. Kataa kwa adabu. Wakati wa gonjwa simu ni kitu kinachogusa shavu, mdomo na mikono ya nyumba nzima, na wakati wowote ule hela ikipotea wewe ndiye mshukiwa wa kwanza. Mwongoze kwa mdomo, hatua kwa hatua, kwa Kisukuma kama Kiswahili kinamchosha. Kama haoni au hasomi, mwambie aje na mtoto wa nyumbani anayemwamini. Ndoo yako ya maji tiririka ya kunawia mikono iwe kabla ya kaunta, isiwe baada yake.

4. Salio lako ndilo shahidi

Meseji inayosema "umepokea" inaweza kutungwa na yeyote. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja ndiyo kabisa usiitegemee. Bidhaa itoke baada ya meseji kuingia kwenye simu ya duka, na foleni ikiwa tulivu, tazama salio. Ukipata ile ya "hela itume kwenye namba hii," isambaze kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripotia utapeli. Na mara moja moja bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kukuta una ndugu usiowajua.

5. Mitandao miwili inatosha

Kampuni zilianza kupatana mwaka 2014 zitumiane hela, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Hivyo mwenye Airtel anaweza kulipa namba ya mtandao mwingine bila wewe kuwa na laini tano na simu tatu zinazolia kwa zamu. Weka ule wenye mnara mzuri hapo ulipo, na wa pili wa akiba siku wa kwanza ukizima. Wafundishe wateja wako njia ya kuingilia ya kila mmoja: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa ile iliyoitwa Tigo Pesa na sasa ni Mixx, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Zote zinaenda bila bando. Hiyo ndiyo sababu bado naziona bora kuliko programu za kupakua, hata kama sura zake ni za mwaka 2008.

6. Deni la duarani liwekewe kikomo, na liandikwe kwa meseji

Hapa ndipo biashara nyingi za ukanda wa dhahabu hufia, gonjwa liwepo lisiwepo.

Mfumo unaujua. Duara linalishwa kwa mkopo. Mama ntilie anapeleka ugali, mwenye duka anatoa unga, mafuta na betri za tochi, na wote wanasubiri mawe yapande, yaende kusagwa karasha, dhahabu iuzwe, mgao ufanyike. Mambo yakienda sawa, mnalipwa siku moja na kila mtu anacheka. Yakikwama, maana yake wewe mwenye duka la mlangoni ndiye uliyefadhili mgodi, bila leseni na bila mgao. Siku za kawaida hukwama duara moja, mengine yanakubeba. Janga lina tabia ya kukwamisha yote kwa wiki moja. Maganzo ya 2020 haikuwa na deni baya la mtu mmoja mvivu. Mwadui iliposimama, mshahara wa mji ulisimama.

Kwanza, kikomo kiwe cha duara zima, kisiwe cha mtu mmoja mmoja. Wachimbaji kumi wa duara moja, kila mmoja na deni dogo la kirafiki, ni deni moja kubwa lenye vichwa kumi. Jumlisha kwa jina la duara na ujiambie kiasi ambacho kikipotea chote bado utaweza kununua mzigo wa wiki ijayo. Likifika hapo, bosi wa duara aitwe apunguze kabla sufuria ya pili haijatoka.

Pili, kila akichukua, mtumie meseji pale pale, ya kawaida tu: "Leo 12/4 umechukua unga kg 10 na mafuta lita 1. Deni lote sh. 41,000. Jibu NDIYO." Meseji inaingia kwenye kitochi chochote na inajiwekea tarehe na saa. Ikijibiwa, hakuna tena ubishi wa "sikumbuki kama nilichukua mafuta." Daftari lisitupwe. Liendelee kama zamani, maana mteja akiona umeandika mbele ya macho yake anatulia. Jioni piga picha kurasa za siku hiyo na uzitume kwenye simu nyingine ya nyumbani. Mvua ya masika haina huruma na daftari, na mbuzi pia.

Tatu, andika namba ya simu pamoja na jina. Vijana wa dhahabu wakisikia mahali pamelipuka dhahabu wanahama usiku. Kibanda kitabaki kitupu, namba itabaki hewani. Mtu aliyeko Mbogwe hawezi kupanda gari aje akulipe elfu tatu, lakini anaweza kukurushia buku buku hadi iishe, na wewe umpokee bila matusi. Wanaolipa kidogo kidogo kwa simu ni wengi kuliko wanaorudi na bunda. Mtumie shukrani. "Wabeja" moja haikugharimu kitu na inavuta elfu inayofuata.

7. Pokea oda kwa sauti

Mteja wa simu janja asilazimishwe kuandika. Anayefinyanga meseji ya "mchele kg 5 ule wa juzi" kwa dakika nne atachoka, anayeongea atamaliza kwa sekunde kumi, tena kwa Kisukuma chake. Fungua kundi la WhatsApp la mtaa mmoja, usikusanye wilaya nzima. Asubuhi weka picha ya kilichopo na bei yake, basi. Salamu za usiku mwema, maua yanayometameta na mahubiri ya kusambazwa vinamla mteja bando, naye ataondoka kimya kimya.

Bodaboda wa kupeleka awe mmoja au wawili mnaoaminiana, bei ya safari mmeipanga mapema na mteja ameambiwa. Mteja alipe kabla pikipiki haijawaka. Mzigo ukikabidhiwa mlangoni na hela ikawa imeshaingia, hakuna wa kushikana mikono wala wa kutafuta chenji.

8. Mzigo wa mbali uulizwe kwa video, ulipwe kwa mafungu

Mwanzoni mwa 2020 bidhaa za China zilipochelewa, Kariakoo ikakauka baadhi ya vitu, na Katoro ikahisi hadi kwenye vitenge na spea za pikipiki. Waliozoea kupanda basi hadi Dar kuchagua mzigo kwa macho walibanwa zaidi ya wale waliokuwa na muuzaji wa kuaminika anayejibu simu. Mjenge muuzaji huyo sasa, wakati hakuna haraka. Mwombe video fupi akiushika mzigo huo huo na akitaja tarehe ya leo, maana picha inaweza kuwa ya mwaka juzi. Lipa nusu, nusu nyingine risiti ya basi au ya lori ikishatumwa. Na ulipe namba ya biashara yenye jina la duka. Akisema "hiyo ina shida leo, tuma kwa ya shemeji," mpigie simu usikie sauti yake kwanza.

9. Makato yabandikwe ukutani

Mei 2020 Benki Kuu ilipandisha kikomo cha kufanya miamala kwa simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi 5, na salio la kukaa nalo kutoka milioni 5 hadi 10. Kwa muuzaji wa jumla wa Kahama hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini tarehe 15 Julai 2021, korona ikiwa bado ipo, ikaja tozo ya miamala, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zikawa nyingi, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma. Katikati ya hapo watu walirudi kwenye noti. Walikuwa na haki. Njia nyepesi iliyopandishwa bei si nyepesi tena, na hakuna semina ya elimu ya fedha inayoweza kubishana na makato.

Kwa hiyo muombe wakala karatasi ya makato ya sasa, ibandike, na iwe mpya kila inapobadilika. Amua nani anabeba: kama ni wewe, iingize kwenye bei toka mwanzo. Kama ni mteja, ajue kabla ya kubonyeza. Na noti usizikatae kamwe. Duka linaloandika "simu tu" katikati ya machimbo limewafukuza wateja wake maskini zaidi na bado linashangaa limepungukiwa.

10. Mkopo wa kubonyeza una saa yake

Songesha ya M-Pesa na wenzake wanakupa hela kwa sekunde, na wepesi huo huo ndio hatari yake. Ni mzuri ukipungukiwa elfu ishirini saa sita mchana na mauzo ya jioni yanajulikana. Ni mbaya ukiwa huna mauzo kabisa, kama Maganzo ya wakati ule. Hapo unanunua muda kwa bei ya juu. Ukitumiwa kiungo cha programu ya mkopo usiyoijua, kumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Nyingi za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na siku ukichelewa, mchungaji wako na mteja wako wote watajua. Kikoba cha mtaani kina maneno mengi na vikao virefu. Ila kikikuona unaumwa kinakuja nyumbani na uji.

11. Fanya jaribio siku tulivu

Chagua siku isiyo ya mnada wala ya mgao. Saa kumi jioni hadi saa moja, waombe wateja wote wanaoweza walipe kwa simu, na anayeshindwa umpe punguzo dogo kwa kukuambia ameshindwa wapi. Andika nyuma ya daftari: walioshindwa namba, walioshindwa mtandao, waliokosa salio, wasiosoma, wasiokuamini. Namba isiyosomeka unaiandika upya kesho yake. Wasiosoma unawapangia mtoto wa kuja naye. Wasiokuamini unawaonyesha jina kwenye ubao wa boksi. Mtandao ukiwa ndio tatizo, zunguka na simu yako kidogo kabla ya kulaumu kampuni: maduka mengi ya mabati yana kona moja inayoshika mnara, na mara nyingi ndipo ulipopanga magunia ya chumvi.